Mtendaji wa kijiji kwenye darasa la sheria

Ukiwa mtendaji wa kijiji, mashauri hukufikia kabla hujafungua dirisha la ofisi. Mpaka wa shamba umesogezwa usiku. Mbuzi wameingia kwenye maharage ya watu. Mume kauza mahindi yote ya ghalani, mke kapata habari kwa jirani. Ndugu wa tumbo moja wanagombea nyumba ya bati ya marehemu baba yao, na arobaini haijafika. Kazi hiyo nilikuwa nimeshaifanya miaka kadhaa katika Mkoa wa Tanga nilipopata ruhusa ya kwenda Lushoto kusoma astashahada ya sheria.

Naandika haya kwa watendaji wenzangu, wenyeviti wa vitongoji, wajumbe wa mabaraza, na yeyote anayefikiria kujiunga na kozi ya mwanzo ya sheria. Watu wengi hudhani utakwenda kukariri vifungu. Vifungu vipo, na vinachosha. Lakini kilichonipata mimi ni kwamba maswali yalibadilishana nafasi kichwani. Mwananchi akikaa mbele yako na jambo lake, kila moyo wa kibinadamu hukimbilia kuuliza: nani ana haki hapa? Sheria hulifikia swali hilo mwishoni kabisa. Kabla yake huuliza jambo hili ni la mlango upi, limeletwa kwa wakati, nani anapaswa kuthibitisha, na ana nini mkononi. Nimekuja kuamini kuwa watu wetu wengi wanaposhindwa mahakamani huanguka kwenye maswali haya ya mwanzo, haki yao ikiwa bado haijaguswa na mtu.

Darasani tulikuwa mchanganyiko: vijana wa kidato cha nne na cha sita, makarani wa mahakama, askari, na sisi wachache tuliotoka makazini. Vijana waliniita Mama Mtendaji. Jioni baridi ya kule juu ilitukusanya kwenye meza moja na chupa ya chai, kila mtu na madesa yake ya kusomea. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na hilo lilinisumbua kuliko baridi, maana kila nilichosoma nilijua nitakwenda kukieleza kwa Kiswahili kwa mtu mwenye jembe begani. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi, na mwezi Februari mwaka huohuo, katika Siku ya Sheria Dodoma, Rais Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Kutafsiri sheria zote ni kazi ndefu, lakini mimi naiona kuwa ya haraka kuliko nyingi zinazoitwa za haraka. Mtu hawezi kutii vizuri asichoweza kusoma.

Somo la mfumo wa sheria lilianza na tarehe: 22 Julai 1920. Mwalimu aliiandika ubaoni peke yake akatuacha tuitazame. Kwa amri iliyotolewa na Mfalme wa Uingereza mwaka huo, Tanganyika ilipokea sheria iliyojengwa na majaji wa Kiingereza kupitia hukumu zao, kanuni zao za usawa, na sheria za Bunge lao zenye kutumika kwa jumla, kama zilivyokuwa siku hiyo. Kipengele hicho kimo mpaka leo katika Sura ya 358 ya sheria zetu, kikiwa na sharti kwamba zitumike kwa kadiri mazingira ya Tanzania na watu wake yanavyoruhusu. Ndiyo maana wakili wa Moshi anaweza kusimama akataja hukumu ya London ya enzi za Malkia Victoria na jaji akamsikiliza.

Waafrika wakati wa ukoloni walikuwa na mahakama zao, chini ya machifu na maliwali, mbali na zile za Wazungu. Wazee wa Usambara bado wanasimulia mashauri yaliyokatwa kwa zumbe, chifu wa huko. Mfumo huo wa njia mbili ulikwisha mwaka 1963, mahakama zilipounganishwa kuwa ngazi moja kuanzia Mahakama ya Mwanzo kwenda juu. Na nchi ilikuwa na wanasheria Waafrika wachache mno. Chuo kikuu chetu cha kwanza kilipofunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14. Kila nikikumbuka hao 14 naelewa kwa nini baadhi ya mambo tunayoyalalamikia leo hayajanyooka.

Mada ya ngazi za sheria ilinigusa moja kwa moja. Katiba iko juu, chini yake sheria za Bunge, kisha kanuni, kisha sheria ndogo. Sheria ndogo ya kijiji haiwi sheria mpaka halmashauri ya wilaya iidhinishe. Nilichukua daftari nikaorodhesha faini nilizowahi kusikia zikitozwa vijijini: kutokwenda msaragambo (kazi ya pamoja ya kijiji), kukata mti, kuchunga wakati wa kilimo. Kila moja nikaiandikia pembeni: imeidhinishwa wapi, lini? Faini isiyo na sheria ndogo nyuma yake ni pesa iliyochukuliwa bila mamlaka, hata kama mkutano mkuu wa kijiji ulipiga makofi wote. Nimeona mtendaji akihamishwa kituo kwa jambo hilihili, na mtu mwenyewe hakuwa mwizi.

Sasa mlango. Wanasheria husema mamlaka ya kusikiliza shauri, na waalimu wetu waliirudia mada hii mpaka vijana wakaanza kuitania. Mimi sikuitania, kwa sababu nilikuwa na mzee mmoja kichwani. Mzee huyu alifungua shauri la shamba Mahakama ya Mwanzo, akashinda, akasherehekea. Mwenzake akakata rufaa. Huko juu hakuna aliyeuliza shamba ni la nani. Waliuliza kwanza kama mahakama ile ilikuwa na ruhusa ya kulisikiliza, na tangu sheria ya mabaraza ya ardhi ya mwaka 2002 ianze kutumika, mashauri ya ardhi ya kijiji hayaendi Mahakama ya Mwanzo. Mwenendo mzima ukafutwa, ushahidi wa mashahidi wote ukawa kama haujatolewa, na wawili kati yao walikuwa wameshafariki. Mzee alikuja ofisini na karatasi yake akaniuliza, "Mwanangu, nimeshindwa na nani?" Darasani nilipata jibu la swali lake, na si jibu la kufurahisha: hakushindwa na mtu yeyote. Hakuna aliyempima.

Kwa hiyo niwatajie wenzangu mpangilio wa ardhi ulivyo, maana hata watendaji wanauchanganya. Kijiji kina baraza lake la ardhi, wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata zamani liliweza kuamua, lakini marekebisho ya mwaka 2021 yaliliondolea uwezo huo, likabaki na usuluhishi. Anayetaka kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lazima aonyeshe kwamba Baraza la Kata limethibitisha kushindwa kuwapatanisha, au kwamba siku 30 zimepita bila suluhu. Juu ya hapo ni Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na kuondoka na mahakama ya pamoja ya rufaa. Mtu akija na karatasi ya Baraza la Kata ya hivi karibuni inayosema "shamba ni la fulani", mweleze palepale kwamba hiyo haimpi shamba.

Pacha wa mlango ni muda. Madai ya kurudisha ardhi yana miaka 12, madai ya mkataba miaka 6, madai ya madhara kama kuumizwa au kuchafuliwa jina miaka 3. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Hizi namba nimezibandika ukutani ofisini, kwa maandishi makubwa, karibu na kalenda. Wananchi wetu ni wavumilivu, na uvumilivu ni sifa nzuri, lakini mtu anaposema "tulimwachia Mungu kwanza" namuuliza haraka: tangu mwaka gani?

Jambo lililonikaa zaidi ya yote nililipata nje ya darasa. Tulipelekwa kusikiliza mashauri kwenye Mahakama ya Mwanzo, tukakaa mabenchi ya nyuma, madaftari magotini. Chumba kidogo, hakimu mezani akiandika kwa mkono, washauri wawili wazee pembeni yake. Liliitwa shauri la mkopo. Mdai alikuwa mama wa makamo anayeuza mboga. Alimkopesha mwenzake wa kikoba shilingi laki nne. Alikuwa na daftari lenye sahihi ya mwenzake, akalitoa, likapokelewa. Akaeleza vizuri, bila jazba. Kisha zamu ya mdaiwa. Huyu alikiri kukopa, akasema amelipa zote: alimkabidhi mtoto wa mdai, kijana wake wa kiume, siku ya gulio, mbele ya jirani.

Hakimu akaweka kalamu. "Mdai, una swali kwa mdaiwa?"

"Muongo huyo, mheshimiwa! Mungu anamwona."

"Mama, hayo ni maelezo. Nimesema swali. Una swali la kumuuliza?"

Mama akageuka, akamtazama mwenzake kwa muda. "Anajua mwenyewe alichofanya."

"Hilo nalo si swali."

"Basi sina swali, mheshimiwa."

Hakimu akaandika. Nilikuwa nimekaa karibu vya kutosha kusikia kalamu. Tulipotoka barazani yule mama alikuwa amesimama na shoga yake, anasema kwa uchungu, "Mwanangu gani huyo wa gulio? Mwanangu yuko bweni Korogwe tangu Januari!" Tulikuwa tumekatazwa kuwashauri wenye mashauri yanayoendelea, na katazo hilo ni la haki, lakini siku ile lilikuwa zito. Shauri lake lote lilikuwa ndani ya maswali matatu ambayo hakuyauliza. Kijana gani? Gulio la mwezi gani? Unajua mwezi huo alikuwa anasoma wapi?

Mwalimu alitufafanulia baadaye. Mahakama zetu zimeshasema mara nyingi kwamba shahidi akitoa jambo zito na upande wa pili usimhoji juu yake, huhesabiwa kuwa umelikubali. Wakili anajua hivyo, ndiyo maana husimama na kuuliza hata lile linaloonekana la kijinga. Mwananchi wa kawaida hajui. Kwake, kumuuliza mtu anayemjua kuwa ni muongo ni sawa na kumpa heshima asiyostahili. Katika malezi yetu mtu mzima hamwulizi mtu mzima mwenzake maswali ya kumbana. Humweleza, humsuta, au humnyamazia. Mahakama inataka kitu ambacho hatukulelewa kukifanya, na inakitaka papo hapo, mbele ya watu, bila mafunzo. Kwa miaka mingi Mahakama za Mwanzo hazikuruhusu hata mawakili. Mlango ulifunguliwa kidogo mwaka 2021, pale ambapo anayesikiliza ni hakimu mkazi. Hata hivyo wakili ana bei, na mdai wa laki nne hawezi kuilipa.

Tangu niliporudi kijijini, kila anayepita ofisini akiwa na wito wa mahakama namkalisha na karatasi. Upande mmoja aandike atakayosema. Upande wa pili aandike anayodhani mwenzake atasema, na chini ya kila moja swali la kumuuliza. Tunafanya zoezi: mimi nakuwa mdaiwa, nadanganya, na yeye ananiuliza. Mara ya kwanza wote hunitukana. Mara ya tatu swali la kweli linatoka, na uso wa mtu hubadilika akigundua kuwa swali fupi limefanya kazi ambayo kelele hazikufanya.

Kuhusu ushahidi nitasema kidogo tu. Sheria ya Ushahidi haiweki idadi maalumu ya mashahidi. Mmoja anayeaminika anatosha. Ipo hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1984, Hemedi Saidi dhidi ya Mohamedi Mbilu, inayotajwa kila kona ya nchi: kwenye madai anayeshinda ni yule ambaye ushahidi wake ni mzito kuliko wa mwenzake. Uzito, hesabu ya vichwa haimo. Mtu anayekodi basi dogo kuleta mashahidi wanane wanaosema jambo moja walilosimuliwa na yeye mwenyewe ametupa nauli. Kwenye jinai ni tofauti, Jamhuri inapaswa kuthibitisha bila kuacha shaka la maana, na ndiyo sababu aliyeshikwa na jogoo lako anaweza kuachiwa kisha ukamshinda kwenye madai ya fidia. Wananchi wakiona hivyo husema hakimu kala rushwa. Wakati mwingine ni mizani mbili tu tofauti.

Nije kwenye hukumu zenyewe, maana hapa ndipo nilipoipenda sheria. Walitufundisha kusoma hukumu kwa kutafuta: nini kilitokea, swali la kisheria lilikuwa nini, na sababu ipi iliyobeba uamuzi. Anayeshinda na anayeshindwa ni habari ya siku moja. Sababu ndiyo inayobaki na kuwafunga watakaokuja.

Mfano ulionishangaza ni wa Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Bi Hawa aliachika akadai sehemu ya mali ya ndoa, hasa nyumba. Ubishi ulikuwa kama kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika kupatikana kwa mali, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 1971. Huko chini waliona kuwa ni wajibu wa mke, basi. Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali akiandika, ilisema kazi za kutunza familia ni mchango. Tangu hapo mwanamke ambaye hajawahi kushika mshahara anaweza kudai, na mahakama ikamsikiliza. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakuambulia: mumewe alikuwa amempa pesa za kuanzisha biashara ya familia, mahakama ikaona alizitumia visivyo, na kwamba alichokwisha kupata kilizidi sehemu yake. Rufaa yake ikatupwa. Nilikaa na hukumu ile usiku mzima. Wanawake wa nchi nzima wanaingia kupitia mlango alioufungua mtu ambaye mwenyewe alibaki nje. Nikisimulia kijijini huwa namtaja kwa jina, kwa sababu anastahili.

Na Holaria Pastory. Huyu alikuwa mama wa Kihaya, Mkoa wa Kagera, aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Alikuwa amezeeka, hana wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo, Gervazi Kaizilege, kwa shilingi 300,000. Kesho yake, tarehe 25, mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, alikuwa tayari Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilaya ya Muleba, akitaka mauzo yafutwe kwa kuwa mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Siku moja tu! Mwalimu alituuliza kama kuna aliyewahi kumwona mpwa huyo akienda kumtazama shangazi kwa haraka ya namna ile. Darasa likawa kimya.

Na Bernardo hakuwa anabuni. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 ziliandika wazi kuwa mwanamke aweza kurithi, ila ardhi ya ukoo ataitumia tu maisha yake, haiuzi. Mahakama ya Mwanzo ikampa Bernardo ushindi. Ya Wilaya ikampa Holaria. Likapanda Mahakama Kuu Mwanza kwa Jaji Mwalusanya, aliyetoa hukumu mwaka 1990. Jaji aliweka kanuni ile ya 1963 mezani pamoja na Katiba. Haki za msingi ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, ingawa wakati ule jinsia haikuwa imetajwa kati ya misingi ya ubaguzi. Iliongezwa mwaka 2000. Jaji akajazia kwa Tamko la Haki za Binadamu, ambalo Katiba inalitaja, na mikataba ambayo Tanzania iliridhia. Kisha akatumia sheria ya mpito ya 1984 inayoziruhusu mahakama kuzisoma sheria za zamani kwa marekebisho yanayozilinganisha na Katiba: kuanzia sasa kanuni ile isomeke kwamba mwanamume na mwanamke wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo.

Kuna kipande ambacho wasimulizi wengi hukiacha. Mila ya Kihaya ilimruhusu mwanaukoo kuikomboa ardhi ya ukoo iliyouzwa kwa mgeni. Jaji hakuiondoa. Alimpa Bernardo miezi 6 kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi shilingi zake 300,000. Mimi naona hapo hekima kubwa. Ukoo ukiipenda ardhi yake uilipie, kama ambavyo ungeilipia kama muuzaji angekuwa mjomba. Mila ilibaki, ubaguzi ukatolewa ndani yake.

Ukimaliza hukumu hiyo unaweza kudhani kazi imekwisha. Haijaisha. Wajane wawili wa Kisukuma walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni zilezile za 1963, hasa ile inayosema mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kuwa kanuni hizo zinabagua lakini haikuzifuta. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa hoja ya kiufundi, na hii ni nchi ambayo Ibara ya 107A ya Katiba yake inataka haki itendwe bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ilisema Tanzania imekiuka haki zao. Nilikasirika darasani, sikuficha, na sijaacha kukasirika. Hukumu ya Mwalusanya na ile ya 2006 zote ni za Mahakama Kuu. Mjane hawezi kujua mapema atakutana na ipi.

Kwa hiyo nguvu zangu kijijini zimehamia kwenye mirathi, kwa kuwa humo ndimo mashamba ya wanawake yanapopotelea. Mahakama ya Mwanzo hushughulikia mirathi inayofuata mila au dini ya Kiislamu. Familia hukaa kikao, muhtasari huandikwa, jina hupendekezwa, mahakama huteua msimamizi. Siku hiyo utasikia pongezi: "Hongera, umepewa mali ya mzee." Hakupewa chochote. Msimamizi amepewa kazi: kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi. Ndani ya miezi 4 anapaswa kupeleka mahakamani orodha ya mali kwa fomu namba 5, na hesabu ya ugawaji kwa fomu namba 6. Mrithi yeyote, hata binti aliyeolewa mbali, ana haki ya kwenda kuuliza kama fomu hizo zimepelekwa, na msimamizi asiyefanya kazi anaweza kuondolewa. Nimewaeleza jambo hili kinamama wa vikoba, na kila mara kuna anayesimama katikati ya maelezo kwenda kumpigia simu kaka yake.

Wiki hii niko na familia ya ndugu watano. Baba yao alikuwa Mwislamu, mgao wanaujua wote tangu madrasa, hapo hakuna ubishi. Kaka mkubwa ndiye msimamizi, mtu mwema, ila alikuwa anadhani fomu ni ya kujaza siku yoyote atakayopenda. Tumekaa nayo mezani. Nyumba, imeandikwa. Baiskeli na cherehani, vimeandikwa. Deni la mbolea, limeandikwa, na dada yao wa tatu amekumbusha deni ambalo marehemu alikuwa anamdai mwenye mashine ya kukoboa, nalo limeingia. Tumekwama kwenye michungwa. Kaka anasema ni 60. Dada anasema aliihesabu mwenyewe msimu uliopita, ni 84, na ile ya upande wa mto haikupandwa na amu yao kama inavyodaiwa. Kesho asubuhi tunakwenda shambani wote, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na amu mwenyewe, na nimemwambia dada aje na maswali yake yameandikwa.